Ufini yanunua silaha, msimbo wabaki kwa nani?

Wasomaji wangu wengi mwaijua Ufini kwa sababu ya Nokia. Sisi watu wa kompyuta twaijua pia kwa Linus Torvalds, aliyeianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwa Tatu Ylönen aliyetuandikia SSH mwaka 1995. Leo nataka tuiangalie kama soko la silaha.

Nchi hii ina mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi. Iliingia NATO Aprili 2023, na mwaka 2025 serikali yake ikatangaza kwamba matumizi ya ulinzi yatafika angalau asilimia 3 ya pato la taifa ifikapo 2029. Wauzaji wa nje wameshanusa pesa, na pesa zipo kweli. Mwaka 2017 Ufini ilinunua Korea Kusini mizinga 48 ya K9 (mitumba, naam!) kwa takriban euro milioni 146. Mwaka 2023 ikachagua David's Sling ya Israeli kwa ulinzi wa anga.

Lakini zabuni kubwa kupita zote ilikuwa ya ndege za kivita. Ndege tano zilishindanishwa: Super Hornet, Rafale, Eurofighter, Gripen na F-35. Desemba 2021 F-35 ya Lockheed Martin ikashinda, ndege 64.

Njia waliyoitumia kuchagua ingefaa isomwe na kila anayeandika hati za zabuni. Gharama, uhakika wa ugavi na kazi kwa viwanda vya nyumbani vilikuwa vizingiti tu: unapita au unaanguka. Uwezo wa vita peke yake ndio uliopangiwa alama. Kwa hiyo kushusha bei hakukukuinua hata nafasi moja. Na ile kazi ya viwanda ilitakiwa kufika angalau asilimia 30 ya thamani ya mkataba. Ndiyo maana sehemu za mbele za bodi ya F-35 zitaundwa Ufini, kwa ndege zisizopungua 400.

Kwa upande wa chuma, basi, walijua kudai. Upande wa programu ndio unaoniuma. Ndege hii ina zaidi ya mistari milioni 8 ya msimbo, na tangu mwaka 2009 Marekani ilisema wazi kwamba haitampa mshirika yeyote msimbo huo, hata Uingereza iliyotia fedha zake tangu mwanzo. Nchi iliyotupa Linux imekubali programu isiyoweza kuifungua! Mimi naona hapo umepanga nyumba, na mwenye nyumba anakaa na ufunguo.

Mtaniambia walichagua ndege bora, na kwamba jirani zao Norwe na Denmark wanayo hiyo hiyo. Sawa. Lakini Machi 2025, Marekani ilipokuwa ikiidai Greenland, Rasmus Jarlov, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya bunge la Denmark, alisema hadharani kwamba anajutia ununuzi huo. Hofu yake ilikuwa kwamba Marekani yaweza kuzuia vipuri.

Sasa mlango wenyewe unabadilishwa. Mei 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha mpango uitwao SAFE, mikopo ya euro bilioni 150 kwa ununuzi wa silaha, na Ufini ni miongoni mwa walioiomba. Vipande vinavyotoka nje ya Ulaya na Ukraine havitakiwi kuzidi asilimia 35 ya gharama. Kisha kuna sharti ninalolipenda zaidi: kwa mifumo mizito kama ulinzi wa anga wa masafa marefu, lazima pawe na uhuru wa kuubadilisha muundo bila nchi ya nje kuzuia.

Kwangu mimi, nafasi ya mgeni imejificha kwenye sharti hilo. Mkorea au Mbrazili akija Helsinki na bei nzuri tu, atapangwa foleni na wengine. Akija na msimbo, na haki ya kuurekebisha, atasikilizwa. Jambo hili linawezekana: Brazili ilipotia saini mkataba wa Gripen 36 mwaka 2014, wahandisi wake walipelekwa Uswidi kujifunza kuziunda. Zabuni za Ufini hutangazwa kwenye tovuti ya HILMA. Anayetaka kuuza aanze kusoma huko, tena asianze na ukurasa wa bei.