Pipa Moja, Watu Wengi

Juma hili twawaomba mfunge safari pamoja nasi hadi Uingereza. Hatuendi London kutazama majumba ya wafalme. Twaenda mashambani, upande wa kaskazini, katika nchi ya Yorkshire. Huko, juu ya bonde la mto Swale, karibu na mji wa Richmond, pana kijiji kidogo kiitwacho Hudswell. Ni saa sita za mchana, nasi tuna njaa.

Nyumba tunayoiendea yaitwa George and Dragon, yaani Georgi na Joka. Ninyi mnamjua Mtakatifu Georgi: ndiye msimamizi wa Uingereza. Nyumba nyingine za namna hii zina alama ya funguo mbili zilizopishana, ndizo funguo za Mtakatifu Petro. Nyingine zina mwanakondoo na bendera yake. Zamani wengi hawakujua kusoma, basi picha iliyotungikwa nje ndiyo iliyomwambia msafiri kwamba hapa atapata kinywaji, chakula na moto wa kuota. Waingereza huiita nyumba hiyo pabu, maana yake nyumba ya watu wote.

Tukisha kuingia, tusikae tukingoja mtumishi atujie. Desturi ya huko ni kwamba kila mtu huenda mwenyewe kwenye meza ndefu ya mwuzaji, huomba anachotaka, na hulipa papo hapo. Tena asimtangulie aliyefika kwanza. Tajiri na mchunga kondoo hungoja zamu zao sawasawa.

Juu ya meza hiyo pana mikono mirefu ya pampu. Mwuzaji huvuta mkono mmoja polepole, na bia hupanda kutoka chumba cha chini ya nyumba. Bia hii ni ya namna gani? Imefanyizwa kwa maji, kimea cha shayiri, hamira, na maua machungu ya mmea uitwao hopi. Lakini siri yake ni hii: ilipotiwa katika pipa ilikuwa bado hai. Hamira yaendelea na kazi yake humo ndani, nayo bia yaendelea kuumuka mpaka siku ya kunywewa. Haikuongezwa hewa ya kiwanda ili itoe povu. Haitolewi baridi kama barafu, ila kwa kadiri ya digri 11 hata 13, ili ulimi upate kuonja utamu na uchungu wake.

Kitu kilicho hai chaweza kufa. Pipa likisha kufunguliwa, hewa huingia, na baada ya siku kama tatu bia yaanza kuharibika. Sasa tufanye hesabu kidogo, ninyi wanafunzi mtusaidie. Pipa dogo la kawaida lina galoni 9, ndizo lita 41 hivi, au vikombe vikubwa 72 vya Kiingereza. Gawanyeni kwa siku tatu: vikombe 24 kila siku. Je, ni heri watu wanne wanywe sita sita, au watu ishirini na wanne wanywe kimoja kimoja? Wanne wale watarudi nyumbani wakiyumbayumba, na wake zao watalia. Wale ishirini na wanne watarudi na akili zao, na pipa litakuwa limekwisha vilevile. Basi bia hai haimtaki mlevi, yawataka majirani.

Ndiyo maana mwenye nyumba mwenye busara hutunza jiko lake pia. Chakula kizuri huleta familia nzima, na baba aliyeketi na mkewe na watoto wake hunywa kwa kiasi. Watoto wana maji ya matunda, kwani sheria yakataza kumwuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18. Dominika nyumba nyingi za namna hii hupika nyama ya ng'ombe ya kuokwa, viazi, mboga na mchuzi mzito. Pembeni huwekwa andazi la unga, mayai na maziwa, lililofura katika mafuta ya moto. Zamani watu wa Yorkshire walilila kwanza, kabla ya nyama, ili tumbo litulie na nyama kidogo iwatoshe wote.

Lakini msidhani kwamba mambo hayo yamedumu yenyewe. Karne iliyopita viwanda vikubwa vilianza kuichuja bia, kuiua hamira kwa moto, na kuitia hewa kwa nguvu. Bia ya namna hiyo yakaa siku nyingi bila kuharibika, haisumbui mwuzaji, wala haihitaji majirani. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizoni huko Ireland walichoshwa na jambo hilo, wakaanzisha chama cha kuitetea bia hai. Leo chama hicho chaitwa CAMRA, na wenzao wamekuwa maelfu mengi.

Na nyumba hii tuliyoketi? Mwaka 2008 ilifungwa. Kijiji kikakosa mahali pa kukutana. Wenyeji hawakukaa wakinung'unika tu. Walifanya ushirika, watu wengi wakatoa fedha kila mmoja kwa kadiri yake, wakainunua nyumba, na mwaka 2010 wakaifungua tena. Wakaweka ndani yake duka dogo na maktaba ndogo, na nje wakagawa viwanja vya bustani za mboga. Kisha CAMRA wakaichagua kuwa pabu bora ya mwaka 2016 katika nchi yote.

Sisi tunaoijua kasiksi ya ndizi hatushangai sana. Nayo haingoji siku nyingi. Mwenye kuikamua huwaita jirani, naye anayejifungia nayo peke yake watu humcheka, kisha humhurumia. Wazee walijua kwamba kinywaji kisichoweza kuwekwa kimefanywa kwa kugawiwa.

Basi twarudi nyumbani, tumeshiba, wala hatukulewa. Mkiulizwa mmejifunza nini Hudswell, jibuni hivi: pipa liliokolewa na wengi walionywa kidogo, na nyumba iliokolewa na wengi waliotoa kidogo. Je, katika kijiji chenu, ni nyumba gani imefungwa ikingoja watu wa namna hiyo?