Daftari la Wiki: Boti za Karema na Ikola

Mpanda haina ziwa, lakini Ziwa Tanganyika limo sokoni. Muulize muuza migebuka katoa wapi mzigo, atakutajia Karema au Ikola, huko Wilaya ya Tanganyika, na pengine akakwambia na mwenye boti ni nani.

Ufukweni, boti ni mali ya ukoo. Baba hununua mbao, kaka huchangia injini, na wavuvi hulipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa. Kazi ni usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, dagaa wakakusanyika chini yake, wavu ukainuliwa. Siku hizi taa za betri na sola zimechukua nafasi ya karabai nyingi. Mbalamwezi ikiingia, boti huvutwa mchangani. Fundi huichunguza ubao kwa ubao, akishindilia pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo, huku watoto wa mwenye boti wakitumwa hiki na kile. Hapo ndipo wengi wao huanza kuijua kazi, kabla hata ya kuruhusiwa kulala ziwani.

*

Kumbukumbu kubwa kuliko zote mwambaoni ni meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, ila mafundi waliipaka injini grisi nyingi kwanza. Grisi hiyo ilisaidia: Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kama Liemba.

Vituo vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, nazo boti za mbao zikakimbilia ubavuni mwake, hata usiku wa manane. Mtoto alipokewa kwa mikono miwili kupitia mlango wa ubavuni, gunia likafuata, kisha kuku. Waliokulia mwambao huu wanapaswa kuulizwa habari hizo sasa, wazee wangali hai.

*

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu ziwa limechoka. Lakini miezi mitatu bila kuvua humuumiza zaidi mwenye boti moja kuliko mwenye kumi, na mikopo ya injini haingoji samaki wakue. Hilo linastahili kupangiwa fedha mapema kila ziwa linapofungwa.

*

Karema sasa ina bandari, iliyojengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) ikilenga mizigo ya Kongo, ng'ambo ya pili. Boti za mbao zitengewe sehemu yao ya kufunga kamba. Reli ya kutoka Kaliua nayo inaishia Mpanda, kwa hiyo kati ya Mpanda na Karema mzigo husafiri kwa lori.