Simu imwongoze asiyeona, na mtoto arudi shuleni

Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, asiyeona anafika ibadani akiwa ameshika bega la mtoto. Mtoto huyo anajua kila kona, kila mtaro, na mahali ambapo motari hutokea kwa ghafula. Siku ya Mungu hilo halina shida. Shida inakuja Jumatatu, mzazi anapohitaji kwenda sokoni au kwenye kituo cha afya, na kiongozi wake ni mtoto yule yule. Wenzake wako darasani, yeye yuko barabarani. Mwaka unapita, mwingine unapita, na familia yenye mtu mmoja asiyeona inakuwa pia na mtoto asiyejua kusoma.

Ndiyo maana tumeona vema kuzungumzia simu zinazowaongoza wasioona kwa GPS. Vijana wengi wa makanisa yetu wanasoma informatiki, na wazo la kutengeneza chombo cha namna hiyo linawavutia. Ni wazo jema. Lakini tukitazama jinsi kazi hiyo ilivyokwenda kwingine, na jinsi miji yetu ilivyo, tunaona kwamba sehemu ngumu haiko ndani ya simu. Iko kwenye ramani, kwenye barabara na kwa majirani.

Mambo matatu katika chombo kimoja

Chombo hiki kinahitaji mambo matatu. La kwanza ni kujua mahali mtu alipo. Satelaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, zinazunguka dunia kwa kimo cha kilometa kama 20,000. Simu ikipokea mawimbi ya satelaiti zisizopungua nne, inapiga hesabu na kujua iko wapi. Kupokea huko hakuli mega hata moja. La pili ni ramani inayosema kuna nini mahali hapo. La tatu ni sauti inayomsomea mtu yale ambayo macho yake hayaoni.

Jambo la kwanza limepata jibu kwa sehemu kubwa. Hadi mwezi wa tano 2000, serikali ya Marekani iliyavuruga kwa makusudi mawimbi yaliyoachwa kwa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Zuio hilo lilipoondolewa, njia ilifunguka. Leo simu iliyo mahali pa wazi hukosea mita kama tano tu. Lakini mita tano ni upana wa barabara nyingi za mitaa yetu. Simu inaweza kutangaza kwamba umefika kanisani, kumbe umesimama ukingoni mwa mtaro upande wa pili. Kwa hiyo chombo hiki hakichukui nafasi ya fimbo nyeupe. Fimbo inajua hatua inayofuata, simu inajua safari nzima. Asiyeona anazihitaji zote mbili.

Wasioona wenyewe walifungua njia

Wazo hili si la jana. Mwaka wa 1985 Jack Loomis, mtaalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha California mjini Santa Barbara, alianza kuwaza chombo kama hiki. Mmoja wa wenzake katika kazi hiyo alikuwa Reginald Golledge, mwanajiografia aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka wa 1984. Mtu aliyefundisha ramani kwa miaka mingi alijikuta hawezi tena kuisoma, naye akatia ujuzi wake katika kuwatafutia wengine njia. Vyombo vyao vya kwanza vilibebwa mgongoni kama mzigo. Baadaye, huko Kanada, wasioona walitengeneza programu iliyoitwa Loadstone kwa simu za Nokia, wakaitoa bure.

Mwaka wa 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa programu iliyoitwa Soundscape. Haikumwamuru mtu ageuke kushoto au kulia. Ilifanya sauti isikike masikioni kana kwamba inatoka upande ule ambako duka au kanisa liko, na mtu akachagua njia mwenyewe. Wengi waliipenda. Kisha kampuni ikaamua kuiacha, na mwanzoni mwa 2023 ikaiweka wazi kazi yote ili yeyote aweze kuiendeleza. Watu wengine waliichukua na wanaendelea nayo.

Hapo tunajifunza jambo kubwa. Kampuni kubwa inaweza kuanza kazi njema na kuiacha, kwa kuwa ina hesabu zake. Kama kazi ile ingefungiwa kabatini, waliozoea kuitegemea wangebaki bila kitu. Mradi wowote utakaoanzishwa kwetu, hata ukiwa na mfadhili mkarimu, unapaswa kuwa wazi tangu siku ya kwanza: programu wazi, ramani wazi, na watu wa hapa wanaojua kuitengeneza mfadhili akiondoka. Tumeona miradi mingi ambayo baada yake kilibaki kibao tu kando ya barabara.

Inakwama wapi kwetu

Soundscape ilichukua habari zake kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea, kama watu wanavyoandika Wikipedia. Kongo imo katika ramani hiyo. Mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa 2014 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na mashirika mengine, ulianza kazi zake za kwanza mjini Lubumbashi. Lakini ramani inayochorwa kwa picha za satelaiti inaonyesha paa na barabara. Haionyeshi mtaro usiofunikwa, wala mlango wa kituo cha afya uko upande gani.

Pia nchi yetu inabadilika kuliko ramani. Mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena na kukata barabara ya kwenda Rutshuru. Mwezi wa pili 2025 kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zilivunjwa, na mahali palipokuwa na maelfu ya familia pakabaki wazi. Ramani isiyo na mtu wa kuitunza inakuwa kama kiongozi aliyelala.

Vita navyo vimegusa hata mawimbi ya angani. Umoja wa Mataifa umeripoti kwamba GPS ilivurugwa katika Kivu ya Kaskazini, hata ndege za misaada zikaathirika. Ikiwa rubani anaweza kupotezwa, tusimwambie asiyeona aiamini simu peke yake.

Kisha kuna namna yetu ya kuelekezana. Sisi hatusemi nambari ya nyumba. Tunasema Rond-point Chukudu, Birere, Entrée Président. Bukavu tunasema Nyawera au Kadutu, halafu tunaongeza: karibu na bomba, baada ya msikiti, mbele ya kinu. Chombo kitakachomfaa mtu wetu ni kile kinachosema hivyo, kwa Kiswahili tunachokisikia, huku majina ya Kifaransa yakitamkwa inavyostahili.

Tusisahau usalama. Simu mkononi inavuta wezi. Vifaa vya kusikilizia vikiziba masikio yote mawili, asiyeona hasikii tena motari anayekuja. Na programu inayohifadhi kila mahali mtu anapopita inaweza kumponza katika eneo la vita. Kwa hiyo safari za mtu zibaki ndani ya simu yake, na nyumba ya mtu au maficho ya waliokimbia yasiwekwe kamwe kwenye ramani ya wote.

Kanisa lifanye nini

Sheria ipo. Katiba yetu, katika kifungu cha 49, inawapa wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 imefafanua haki zao. Lakini agizo tulilipata mapema zaidi. Walawi 19:14 inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, na Kumbukumbu la Torati 27:18 inamtia chini ya laana anayempoteza njiani. Tumezoea kuyasoma maneno hayo kama habari ya watu wabaya. Hebu tuyasome tukitazama uwanja wa kanisa letu: mawe ya ujenzi yaliyoachwa mlangoni, ngazi isiyo na kishikio, moto zilizoegeshwa penye njia.

Kuna kazi ambayo kila kanisa la mahali linaweza kuianza bila mfadhili. Vijana watatu au wanne, pamoja na mtu mmoja asiyeona, watembee mtaani na kuandika katika OpenStreetMap mlango wa kanisa, shule, kituo cha afya, bomba la maji na kivuko kilicho salama. Asiyeona ndiye aongoze kazi, kwa kuwa anajua kinachomsaidia na kinachomwangusha. Programu kama OsmAnd inaweza kuhifadhi ramani ndani ya simu na kuitumia bila intaneti, jambo linalofaa penye mega ghali. Kila baada ya miezi michache kikundi kirudi kuangalia kilichobadilika. Mashemasi nao waongeze katika bajeti mambo mawili: fimbo nyeupe, na ada ya shule ya mtoto anayemwongoza mzazi. Hilo la pili lisingoje programu yoyote. Mkristo mwingine anaweza kumsindikiza mzazi sokoni asubuhi ya Jumatatu, na mtoto akaenda darasani wiki hii hii.

Katika Marko 10, Bartimayo alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, umati ulimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamuuliza anataka afanyiwe nini. Alijua hitaji lake, lakini alimpa nafasi ya kulisema mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu wachungaji na viongozi wa vijana, kabla ya kununua simu au kumwita mtaalamu, waiteni wasioona wa kanisa lenu mkae nao. Waulizeni ni wapi wanataka kufika peke yao, na ni nini kinachowazuia. Andikeni majibu yao. Huo ndio mwanzo wa ramani.