Muulize Mheshimiwa Pesa za Kaunti Zitatoka Lini

Kazi yangu hunipeleka kwenye vikao vya wafanyabiashara na wabunge, leo Thika, wiki ijayo Ruiru. Chai ipo, mandazi yapo, mheshimiwa anachelewa kidogo. Maswali yakianza huwa ni yale yale: barabara itawekwa lami lini, na je, ushuru utapanda tena? Sina shida na maswali hayo. Lakini kuna moja linalogusa mfuko wako zaidi, na nadra ulisikie: Bunge la Kitaifa na Seneti zitakubaliana lini kuhusu pesa za kaunti?

Tuchukue ushuru kwanza, kwa sababu uko kwenye simu yako. Julai 2023 ushuru wa bidhaa kwenye huduma ya kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Unatozwa kwenye ada ya kutuma, si kwenye kiasi unachotuma (wateja wengi huchanganya hapo). Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuufikisha asilimia 20. Kwa ada ya shilingi 100, hiyo ingekuwa shilingi 5 zaidi. Ukituma mara ishirini kwa siku utazihisi, sikatai. Maandamano yalikuja, Rais Ruto akakataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni, na watu wakapumua.

Kilichofuata hakikupigiwa kelele. Bajeti ilikuwa na pengo, na sheria ilikuwa tayari imezipa kaunti zote shilingi bilioni 400.1. Wabunge wakataka zishuke hadi bilioni 380. Maseneta wakasema hapana. Walipokuja kuafikiana kwenye bilioni 387.4 ilikuwa ni Desemba, na mwaka wa fedha ulianza Julai! Na si mara ya kwanza. Mwaka 2019 wabunge walishikilia bilioni 310, maseneta 335, magavana wakakimbilia Mahakama ya Juu, na mambo yakaisha Septemba kwa bilioni 316.5. Mwaka uliofuata maseneta walivutana wao kwa wao, safari hii kuhusu fomula ya kugawana, mpaka Septemba.

Sasa tuseme wewe unapeleka mikate kwenye hospitali ya kaunti. Umepewa LPO, umekopa shilingi 300,000 za unga na mafuta kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kila mwezi kaunti isipokulipa, riba pekee ni shilingi 9,000. Ukingoja kuanzia Julai hadi Desemba, ni 54,000. Linganisha na ile shilingi 5 tuliyoipigia kelele. Hata kama huuzii kaunti kitu, wateja wako wanalipwa nayo. Mishahara ikichelewa, mama mboga wa Makongeni anafungua daftari la madeni, na till yake inanyamaza.

Ukimuuliza mbunge, jibu rahisi ni kwamba hilo ni la Seneti. Ukimpata seneta, atakuambia wabunge ndio wamekatalia. Usikubali kurushwa hivyo. Katiba inasema mabunge mawili yakishindwa kuelewana kuhusu mswada wa aina hii, inaundwa kamati ya upatanisho yenye wajumbe sawa kutoka kila upande, nayo ina siku 30 za kukubaliana, la sivyo mswada umeanguka. Kiambu ina seneta mmoja, lakini ina wabunge 12 wa maeneo bunge, wakiwemo wa Thika Mjini na Ruiru. Hao wote wanapiga kura kwenye jambo hili. Muulize alipiga upande gani.

Na muulize mapema. Mswada wa Ugavi wa Mapato unatakiwa kufika bungeni angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Sisi huwaalika waheshimiwa Juni, wakati bajeti inasomwa na kamera zipo. Kwa maoni yangu vyama vya wafanyabiashara vingehamisha kikao hicho kiwe Machi, hata kama hakitaonekana kwenye habari za saa moja.

Kuna wanaoniambia kazi ya mbunge ni kuleta miradi, si kufuatilia tarehe. Haya, lakini mradi wenyewe unajengwa na mkandarasi anayesubiri kulipwa, na huyo mkandarasi ananunua simiti kwako kwa mkopo.

Wakati unasubiri, tenganisha pesa za kaunti na pesa za duka. Fungua nambari ya pili ya till ya kazi za LPO, usile mtaji wa rejareja ukitumaini hundi itatoka Ijumaa. Kisha ukienda kikaoni beba taarifa ya till yako ya Julai hadi Septemba, uiweke mezani mbele ya mheshimiwa. Amezoea kuambiwa biashara ni mbaya. Mwonyeshe ni mbaya kwa shilingi ngapi, na kuanzia tarehe gani.