Mtu Aliyegeuzwa Rula

Nasikia picha za kwanza za magofu ya kale, zilizopigwa na wasafiri wa Ulaya, zikisifiwa kuwa ushahidi usio na upendeleo. Sikubali.

Tumtazame Mfaransa Maxime Du Camp, aliyezuru Misri na Nubia mwaka 1849 na 1850 pamoja na mwandishi Gustave Flaubert. Albamu yake ya 1852 ina picha 125. Katika mojawapo, juu ya taji la sanamu ya Ramses II huko Abu Simbel, ameketi mtu anayeonekana mdogo kama sisimizi. Huyo ni Haji Ismail, Mnubi, baharia wa chombo chao. Du Camp alimpandisha juu ya magofu ili mtazamaji apate kipimo cha ukubwa wa mawe. Ili asitikisike, alimwambia kwamba bomba la shaba la lenzi ni mzinga, nao ungemmiminia risasi endapo angejongea. Kisa hiki hakikuzushwa na adui. Du Camp alikiandika mwenyewe, tena kwa kujifurahisha.

Watetezi watasema kamera za enzi hizo zilidai utulivu wa muda mrefu, na kipimo ni hitaji la kitaalamu. Ni kweli. Lakini ufito wenye alama hupima vizuri kuliko mwanadamu, wala hauhitaji kutishwa. Tena jina la Ismail alilijua. Mbona chini ya picha limechapwa jina la mnara peke yake?

Jicho lililofunzwa hivyo halikosi madhara. Bwawa Kuu la Aswan lilipojengwa, dunia ilichanga fedha kupitia UNESCO. Abu Simbel ikakatwa vipande zaidi ya 1,000 na kuinuliwa mita 65 hivi. Wanubi takriban 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa, vijiji vyao vikazama. Sidai kwamba picha ndiyo iliyovizamisha. Nadai kwamba ulimwengu ulikuwa umekwisha kuzoea kuliona jiwe kabla ya mtu.

Basi, ninyi mnaoandika tasnifu na ninyi mnaotunza nyaraka za umma: mkiichapa picha hiyo, liandikeni jina la Haji Ismail kando ya la Ramses. Na mkikuta picha ya kale ya Kilwa au Gedi ambayo maelezo yake yanasema "mwenyeji" tu, ulizeni jina lake wangali hai wazee wanaolijua.