Ibara ya 15 Haimtoi Mtu Shimoni

Pita Himbi, mtaa wa Goma ambako ghorofa zinazidi kusogelea ziwa, usikilize majivuno ya kwenye shantie za ujenzi: Mkongomani hafundishwi dharura, anajua kujipanga. Ibara ya 15, ile ya “jipange mwenyewe” ambayo hakuna bunge lililowahi kuipitisha, eti imetufunza yote. Bomba likipasuka tunalifunga kwa mpira, mbao za kupandia zikiyumba tunaegemeza mti, kazi inaendelea. Imani hiyo inaua, na huanza na wenye moyo mwema.

Chukua mazuku. Mji wetu umekaa juu ya lava yenye nyufa, na hasa upande wa magharibi, kuelekea Sake, kaboni dioksidi hupanda kutoka ardhini na kutuama mashimoni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani wala hainuki. Mchimbaji wa choo anashuka, anaanguka. Mwenzake anafanya kile utu unachomwamuru: anamfuata kumtoa. Sasa wako wawili chini. Kujipanga kwa papo hapo ndiko huko, yaani wazo la kwanza la kichwa kilichojaa hofu.

Watetezi wa Ibara ya 15 hupenda kunitajia wanaanga. Tarehe 30 Oktoba 2007, katika ujenzi wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, bawa la paneli za jua lilichanika likikunjuliwa. Hakuna aliyewahi kufanyia mazoezi ukarabati wa namna hiyo. Wakaunda vishikizo vya waya na alumini mle ndani, na tarehe 3 Novemba Scott Parazynski, daktari kwa taaluma, akabebwa kwenye ncha ya mkono wa mashine hadi kwenye paneli zenye umeme, akazishona. Si wamejipanga? Wamejipanga, ndiyo, baada ya saa nyingi ndani ya bwawa la mazoezi la Houston lenye kina cha mita 12. Tatizo ndilo lilikuwa geni. Kugawana kazi, kusikilizana, kujua nani anasema simama, hayo walikuwa nayo tayari.

Tena wakufunzi wao huwategea mitego. Mapema Julai 1969 waliingiza king'ora cha kompyuta katika zoezi la kutua mwezini. Vijana wa chumba cha uongozi wakaamuru safari ikatishwe, wakaambiwa wamekosea. Wakalazimishwa kuvichambua ving'ora vyote. Tarehe 20 Julai, Armstrong na Aldrin wakishuka kwelikweli, kikalia king'ora namba 1202. Jibu likaja kwa sekunde: endeleeni.

Hatuna bwawa, mtaniambia. Nani ameliomba? Ninaomba kamba, na nusu saa ya Jumamosi kabla ya malipo. Kapita, msimamizi wa shantie, apige kelele bila kumwonya mtu: fulani amelala shimoni! Atazame nani anakimbilia shimo, nani anamzuia, kamba iko wapi. Wiki inayofuata abadilishe: waya wa umeme umegusa vyuma. Siku nyingine aanguke kapita mwenyewe, tuone nani atatoa amri. (Nadhani hapo ndipo shantie nyingi zitakaponyamaza.)

Na wenye nyumba wasijifiche nyuma ya kapita. Mapatano ya ghorofa huhesabu mifuko ya saruji, vyuma, mawe, hata chakula cha siku ya kumwaga zege. Nusu saa ile haimo. Kapita akiitoa, anaitoa kwa hasara yake, halafu tunashangaa kwa nini haitoi.