Benki haikuja kuhesabu vitanda vyangu

Siku benki ilipomlipa mteja wangu Sh300,000, vitanda 60 vya chuma vilikuwa vimejazana hadi mlangoni mwa karakana yangu, Kariobangi Light Industries. Rangi ilishakauka. Bweni la shule ndilo lililokuwa halijaisha, kwa hiyo vitanda havikuwa na pa kwenda. Tarehe ya mkataba ikapita, shule ikaiandikia benki kwamba nimekiuka mkataba, ikalipwa.

Nilipanda matatu hadi mjini na picha za vitanda kwenye simu. Afisa wa benki alinisikiliza, kisha akanionyesha karatasi ya dhamana niliyotia sahihi: benki italipa ikidaiwa tu kwa maandishi, nami nitairudishia. "Mzee," akasema, "sisi tunasoma barua. Mambo ya vitanda ni yenu wawili."

Mafundi wenzangu wanataka sheria ibadilishwe, benki ilazimike kumuuliza fundi kwanza. Mimi niliyeumia nawapinga.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamtaka aliyeshinda tenda atoe dhamana isiyozidi asilimia 10 ya mkataba. Bila hiyo, nani angempa mtu wa kibanda cha mabati kazi ya Sh3 milioni? Shule haikuniamini mimi. Iliamini ahadi ya benki, iliyosimama kando na mkataba wetu. Benki ikianza kuamua kesi za vitanda, ahadi hiyo itakuwa maneno matupu, na tenda zitarudi kwa kampuni kubwa za Industrial Area.

Wakubwa pia wameonja. Mwaka 1977, kampuni ya Uingereza ya Edward Owen ilijaribu kuizuia benki ya Barclays kulipa dhamana ya mkataba wa vibanda vya vioo vya kilimo nchini Libya, ingawa mnunuzi ndiye aliyekosea upande wa malipo. Ilishindwa. Mahakama ilisema benki hulipa, isipokuwa penye ulaghai ulio wazi unaojulikana na benki. Mahakama zetu zimefuata njia hiyo.

Basi vita vyetu ni kabla ya sahihi. Dhamana iwe na tarehe ya kuisha. Kiasi kipungue kila mzigo unapopokelewa. Mimi nilishapeleka vitanda 190, lakini dhamana ilibaki nzima. Na barua ya madai itaje fundi amekosea wapi. Kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara za 2010, URDG 758, zinadai hivyo, mradi dhamana yenyewe iseme inazifuata. Yangu haikusema, wala sikuuliza.

Kosa langu jingine ni kulalamikia bweni kwa simu badala ya barua. Sasa naidai shule, si benki, katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi Sh1 milioni. Picha za vitanda bado ninazo. Huko, angalau, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzitazama.